Ubeti Alioongeza Maganga

Vijana wangu wa karakana, mlinizawadia saa ya ukutani siku ile ile niliyoacha kuwa na haja ya kujua ni saa ngapi. Nimeitundika sebuleni hapa Elerai. Inapiga kelele kweli kweli, na mke wangu ameshaniuliza mara mbili kama inaweza kurudishwa. Ahsanteni. Mliniomba pia niwaandikie habari za kazi ya madaraja tangu enzi za Wajerumani, kwa kuwa waliobaki wa wakati ule ni mimi na magoti yangu. Nitaandika. Lakini nani alinipandisha cheo, lini, na kwa mshahara gani, hayo msiyatafute humu. Karatasi zake ziko ofisini na panya wamezisoma kuliko mimi.

Nilianza kazi kabla sijaoa. Mimi ni Mwarusha, na siku zile kijana wa kwetu kushika msumeno lilikuwa jambo la kuchekwa. Kazi ya mwanamume ilikuwa ng'ombe. Baba alikuwa amebeba mawe ya kujengea boma la Wajerumani bila mtu kumuuliza kama anapenda. Nilipomwambia kwamba nakwenda kwa Wajerumani kwa miguu yangu mwenyewe, aliniuliza kama nina homa. Nilikuwa nimesoma kidogo misheni, Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza, na sikujua tofauti ya tezo na shoka.

Aliyenifundisha tofauti hiyo ni Fundi Mbaruku, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye kofia safi hata siku za tope. Mwezi mzima wa kwanza hakuniruhusu kukata kitu. Nilinoa tu: patasi, randa, na meno ya msumeno, jino moja moja, kwa tupa. Jioni alipitisha ukucha kwenye makali, na asiporidhika alinirudishia chombo bila neno. Alinifundisha kupaka keke ya kutobolea mafuta ya kondoo ili isikwame ndani ya mti, na kutoiamini nguzo yoyote mpaka niipime kwa timazi pande mbili. "Macho yako yanakupenda," aliniambia. "Yatakuonyesha unachotaka. Timazi haina habari na wewe." Nilidhani anazungumzia nguzo tu, nikaitikia ndiyo.

Daraja la kwanza nililolifanyia kazi tangu mwanzo lilikuwa la mto Nduruma, kwenye njia ya kwenda Usa. Siku hizi mna mashine. Sisi tulikuwa na Mama Mkwe. Hilo lilikuwa gogo la mti mgumu lililofungwa mikanda ya chuma, zito kiasi kwamba wanaume wanne hawakuweza kulisogeza. Tuliliita hivyo kwa sababu lilipokuwa juu hakuna aliyethubutu kulitania. Lilining'inia kwenye kapi, juu ya miti mitatu mirefu iliyofungwa pamoja. Kamba nene ilipita kwenye kapi, na mwisho wake ukagawanyika kuwa kamba ndogo ishirini, kila moja na mtu wake. Tukivuta pamoja, gogo linapanda. Tukiachia pamoja, linaangukia kichwa cha nguzo, na nguzo inazama upana wa kidole. Mtu mmoja akichelewa, gogo linakwenda upande na nguzo inapinda.

Kwa hiyo kazi ile haikuwezekana bila wimbo. Mwimbishaji anaimba mstari, sisi tunaitikia huku tunavuta, kisha tunaachia. Baada ya mapigo thelathini anaita neno moja refu, "Tuaaa!" Mama Mkwe analala juu ya nguzo, nasi tunapumua. Hapo ndipo anapopanda mshika nguzo. Kazi yake ni kurudisha mahali pake pete ya chuma inayozuia kichwa cha nguzo kisipasuke. Anaegemeza mkono mmoja kwenye gogo, na kwa mwingine anagonga pete kwa nyundo ndogo. Mshika nguzo wetu alikuwa Nderingo, Mmeru wa kutoka migombani juu ya Usa, aliyenizidi miaka michache, mtu wa maneno machache ambaye hakuwahi kuangusha hata nyundo yake mtoni. Usalama wake wote ulikuwa ndani ya neno lile "tua."

Mwimbishaji wetu wa kwanza alikuwa na sauti ya mbuzi aliyefungwa vibaya. Kisha akaja Maganga.

Maganga alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa zamani, aliyefika Arusha na msafara wa mtu fulani akakataa kuendelea nao. Nyimbo alizitunga mwenyewe, na kila asubuhi alikuja na mpya. Siku yake ya kwanza alisimama ukingoni, akautazama mto, akaanza:

*Maji ya Nduruma yana kiburi,*
*tutayapanda mgongoni.*
*Nguzo shuka, nguzo shuka,*
*chini yuko mwenyeji wako.*

Sijui kama kwenye karatasi inaonekana ni kitu. Ila nawaambia, mikono ilivuta yenyewe. Siku hiyo tulizamisha nguzo tatu mahali ambapo kwa kawaida tulizamisha moja na nusu, na jioni hakuna aliyelalamika mgongo. Bwana msimamizi, Mjerumani tuliyemwita Bwana Futi kwa sababu ya kijiti chake cha kupimia, alikaa kwenye jiwe akisikiliza mdomo wazi.

Nisiwadanganye, kati ya wote mimi nilikuwa wa kwanza kupagawa. Nyimbo zake niliziandika kwenye karatasi za kufungia misumari, nikazihifadhi chini ya godoro. Maganga alikuwa na kitambaa chekundu shingoni. Baada ya wiki mbili wanaume kumi na saba kati ya ishirini tulikuwa na vitambaa vyekundu. Alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kuanza, nasi tukaanza kukohoa kabla ya kusema lolote, hata kuomba chumvi. Tuligombania kumbebea kibuyu cha maji. Watu walitoka Arusha mjini na vijiji vya Meru kuja kusikiliza tu, na akina mama wakahamishia uji na ndizi zao kando ya mto.

Mpaka hapo hakukuwa na ubaya. Mtu akifanya kitu kizuri, asifiwe. Lakini mambo yakaendelea. Mara mmoja akasema nguzo iliyoimbiwa na Maganga haitaliwa na mchwa. Mwingine akaapa kwamba mvua ilikatika kwa sababu ya ubeti wake. Kwanza tulimwita Maganga, baadaye Bwana Maganga, mwisho tukaacha kabisa kumtaja jina tukawa tunasema "Mwenyewe." Mwenyewe amekula? Mwenyewe amelala vizuri? Akiimba vizuri tulimsifu, na akiimba hovyo tulisema anatupima. Yeye mwanzoni alicheka. Baadaye nikaona hacheki tena.

Fundi Mbaruku hakuvaa kitambaa. Kifua kilikuwa kinamsumbua, na alipokuwa akijiandaa kurudi kwao Tanga aliniita. "Huyu mtu anaimba vizuri sana," akasema. "Mara ya mwisho mtu kumwambia amekosea ilikuwa lini?" Nikamjibu kwa jeuri ya ujana kwamba hajakosea. Akanikabidhi patasi yake ndogo, akaondoka na msafara wa asubuhi. Sikumwona tena, na jibu langu lile bado linaniaibisha.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko. Watu walijaa kingo zote mbili, na tulikuwa kwenye nguzo ya mwisho ya katikati. Mimi nilishika kamba ya mbele kabisa, hatua nne kutoka kwa Nderingo. Maganga aliimba siku hiyo kuliko siku zote. Mapigo thelathini yakaisha, akaita "Tuaaa!" Mama Mkwe akalala. Nderingo akapanda, akaegemeza mkono wa kulia kwenye gogo, akainua nyundo yake kwa kushoto. Umati haukunyamaza. Walipiga vigelegele, wakapiga makofi, wakaita, "Tena! Tena, Mwenyewe!" Na Maganga akakohoa kidogo, akaongeza ubeti.

Tulivuta, wote ishirini. Gogo likapanda, mkono wa Nderingo ukakosa pa kuegemea, ukaangukia juu ya kichwa cha nguzo. Kisha tukaachia.

Niwaambie neno ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Mimi niliuona mkono. Sikuwa na jua machoni, wala sikuwa nimegeuka. Niliuona mkono, nikasikia sauti, nikavuta.

Nderingo hakupiga kelele mara moja. Aliutazama mkono wake kama kitu cha mtu mwingine, halafu akaanguka majini. Mimi na wenzangu wawili tulimtoa. Mama mmoja wa uji alichana kanga yake, tukaufunga, na tukampeleka misheni kwa machela. Walimkata juu kidogo ya kifundo.

Siku chache baadaye Bwana Futi alitupanga mstari ili aamue kosa ni la nani. Jambo lilikuwa rahisi kueleweka. Kama wimbo ulikuwa umekwisha, aliyekosea ni Maganga, na siku zile kosa kama hilo lililipwa kwa kiboko mbele ya watu. Kama wimbo ulikuwa haujakwisha, aliyekosea ni Nderingo, kwa kupanda kabla ya wakati, naye angefukuzwa kama mzembe. Nderingo alikuwapo, mkono umefungwa kifuani, uso umepauka. Hakuomba huruma. Alituambia tu, "Semeni mlichosikia."

Bwana Futi akapita kwa mmoja mmoja. "Wimbo kwisha, ama hapana kwisha?"

"Hapana kwisha, Bwana."

"Hapana kwisha, Bwana."

Alipofika kwangu, Nderingo alinigeukia. "Loishiye, wewe ulikuwa mbele yangu."

"Hapana kwisha, Bwana," nikasema.

Mara Maganga akatoka kwenye mstari, kitambaa chake mkononi. "Bwana, hawa wanasema uongo. Niliita tua. Halafu niliongeza ubeti kwa sababu watu walinishangilia. Kosa ni langu."

Mnadhani tulinyamaza kwa aibu? Tulilipuka. "Anambeba Nderingo!" "Oneni moyo wake!" "Yuko tayari kupigwa kwa ajili ya mzembe!" Mmoja alilia machozi. Maganga akazidi kusema ni kweli, na kadiri alivyosema ndivyo tulivyozidi kumsifu. Bwana Futi, ambaye daraja lake lilikuwa linakwenda mbele ya wakati, akampiga begani. "Maganga mtu muzuri," akasema. Nderingo akafukuzwa palepale.

Kwa miaka nilijiambia kwamba nilisema uongo ili kumwokoa Maganga na kiboko. Ningependa iwe hivyo. Lakini wakati ule kiboko hakikunipitia hata kichwani. Nilichokuwa nawaza ni kwamba kama mtu huyu anaweza kukosea, basi mimi ni mtu aliyeponda mkono wa mwenzake kwa sababu ya wimbo. Sikuwa tayari kuwa mtu huyo.

Kambini jina la Nderingo likawa neno. Ukimwaga uji, umefanya kinderingo. Ukipinda msumari, acha kinderingo. Tulicheka sana.

Maganga aliendelea kuimba kwa muda, lakini sauti ilikuwa imekauka. Asubuhi moja, tukiwa tunajaribu kapi mpya na gogo halijafungwa, alituimbia upuuzi mtupu, mapigo yakiwa yamechanganyika makusudi:

*Paka darini, ugali mwituni,*
*kiatu cha mbuzi, kiatu cha mbuzi.*

Alipomaliza alitutazama kwa zamu, akingoja. Tulipiga makofi. Jioni tulikesha tukibishana, na mwenzetu mmoja mwenye akili nyingi akaeleza kwamba mbuzi ni serikali. Mimi niliuandika pia. Kesho yake Maganga hakuonekana, na kitambaa chake chekundu kilikutwa kimefungwa kwenye mkanda wa chuma wa Mama Mkwe. Watu walikipigania mpaka kikachanika.

Tulikuja kusikia kwamba yuko kwa Nderingo, anamfanyia kazi. Analima, anamkatia ng'ombe majani, anazibua mfereji wa maji, kazi zote za mkono uliokatwa. Basi, sifa zikaanza upya, kubwa kuliko zile za kwanza. Watu wakawa wanapanda huko kila Jumapili baada ya ibada, na mafungu ya ndizi, na watoto wagonjwa wa kuguswa.

Nilikaa miezi mingi bila kwenda. Nilijua nikienda nitalazimika kusema, na nikisema sitakuwa na mwenzangu hata mmoja kwenye kamba. Kilichonipeleka mwishowe ni jambo dogo. Kijana mgeni alipewa kazi ya mshika nguzo kwenye daraja letu jipya, na asubuhi yake ya kwanza akanijia. "Kaka, ni kweli yule wa kwanza alikatwa kwa uzembe wake? Kama ni uzembe, mimi nitajitahidi. Kama si uzembe, niambie." Nilimwambia ajitahidi. Jumapili iliyofuata nikapanda mlimani.

Nyumba ya Nderingo ilikuwa katikati ya migomba, na uani walikuwapo watu kama thelathini, wamekaa wakimtazama Maganga akizibua mfereji, maji yakimfika magotini. Nderingo alikaa pembeni peke yake, akimenya ndizi kwa mkono mmoja, ameibana katikati ya magoti. Nikamwamkia.

"Na wewe umekuja kumtazama?" akaniuliza.

"Nimekuja kwako, kaka."

"Utakuwa wa kwanza," akasema. "Wanakuja kila Jumapili kumshukuru kwa kunisaidia. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama mkono unauma. Unauma, Loishiye. Vidole ambavyo sina ndivyo vinavyouma."

Nilisimama. "Sikieni," nikasema kwa sauti. "Mimi nilishika kamba ya mbele. Nderingo hakukosea. Wimbo ulikuwa umekwisha."

Mtu akacheka. Mwingine akasema nimelewa, mwingine akasema ni wivu, na bonge la udongo likanipiga begani. Maganga akatoka mferejini, jembe mkononi, akaja mpaka mbele yangu. Watu wakasogea karibu, nadhani wakitumaini atanipiga.

"Sema tena," akasema.

"Uliita tua. Nderingo akapanda. Wewe ukaongeza ubeti. Ulikosea, Maganga. Na mimi niliuona mkono wake, nikavuta, kisha nikasema uongo."

Aliachia jembe. Akakaa chini palepale kwenye tope, akafunika uso. "Miezi yote hii," akasema, "nilidhani nimerukwa na akili. Nasema nimekosea, watu wananibusu mikono. Nikaanza kufikiri labda sikukosea. Labda kweli alipanda mapema. Nilikuwa nimebakiza kidogo niamini." Alilia kwa sauti, yule mtu mwenye sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia, na kilio chake kilikuwa kibaya, cha kukwaruza.

Wageni wakaanza kuondoka, wengi wakinitukana. Nilimsikia mmoja njiani akimwambia mwenzake kwamba Mwenyewe amejishusha tena, hajawahi kuona mtu mnyenyekevu namna ile.

Nilimgeukia Nderingo, nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alimaliza kumenya ndizi yake, akaiweka kwenye chungu.

"Huku mlimani kila mtu ananifahamu," akasema. "Umesema kwa watu ambao hawakuhitaji kuambiwa, na kwa watu ambao hawatasikia. Jina langu mliliacha kule kazini. Nenda ukalilete."

Nilikwenda kesho yake asubuhi, nikawaambia wote kwenye kamba, na Bwana Futi pia. Bwana Futi alisema daraja la Nduruma limeshakwisha, mambo hayo ya zamani. Wenzangu hawakula nami tena mpaka vita vilipokuja kututawanya. Yule kijana mgeni peke yake ndiye aliyenishika mkono. Tangu siku hiyo, katika kila daraja nililosimamia, mshika nguzo alikuwa na filimbi yake, na hakuna aliyegusa kamba kabla hajapuliza yeye, hata mwimbishaji awe nani. Mlikuwa mnanicheka kwa filimbi zile. Nilikuwa nawaona.

Lakini jina sikufaulu kulileta lote. Mwezi uliopita, nikiwa nakusanya vyombo vyangu karakana, nilisikia mmoja wenu akimfokea mwenzake aliyeangusha randa: "Acha kinderingo, bwana!" Kila mtu alicheka. Aliyesema ni kijana mwema, sitamtaja, na najua kabisa alidhani ni neno tu, kama maneno mengine. Ni jina la mtu, na mtu huyo hakukosea. Sasa mnajua.